Cherehani Iko kwa Fundi: Darizi Ianzie Wapi?

Cherehani ikipelekwa kutengenezwa, wanaodarizi nyumbani hugawanyika makundi mawili. Wako wanaofunga kikapu cha nyuzi mpaka mashine irudi, na wako wanaonyakua kitambaa kilicho karibu na kuanza kuchora maua. Wa kwanza hupoteza siku ambazo mkono ungefanya kazi nyingi. Wa pili hupata ua zuri lililokaa mahali pabaya, na hulijua kosa hilo siku mashine inaporudi, wakati halirekebishiki tena. Ugumu wa kipindi hiki, basi, ni kupanga darizi kwa kufuata mishono ambayo bado haijashonwa.

Swali la kwanza huulizwa kwa fundi mwenyewe: ubovu ni wa aina gani? Cherehani ya kawaida ya nyumbani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita kwenye sindano na mwingine wa chini unaotoka kwenye bobini. Sindano inapoanza kupanda, uzi wa juu huacha kitanzi kidogo, na ndoana iliyo chini hukidaka na kukizungusha kwenye uzi wa bobini. Ndoana ikiwahi au kuchelewa kidogo tu, kitanzi hakidakwi na cherehani inaruka mishono. Kurudisha ndoana kwenye mwendo wake hakuhitaji kipuri, na fundi asiye na foleni ndefu huimaliza kazi hiyo upesi. Ndoana iliyolika ni habari nyingine, kwa sababu hapo unasubiri kipuri kipatikane, na kwa cherehani za zamani kusubiri huko kunaweza kurefuka. Kwa hiyo jibu la fundi ndilo linalopima ukubwa wa kazi ya kuanzisha: kisipohitajika kipuri, chukua kitambaa kimoja cha sinia, kikihitajika, unaweza kuthubutu seti nzima ya vitambaa vya makochi. Na kabla ya kuibeba mashine, badilisha sindano kwanza. Sindano butu, iliyopinda au iliyowekwa kinyume huruka vilevile, na dawa yake haihitaji fundi.

Swali la pili ni la kitambaa: kila kazi unayoifikiria inaihitaji cherehani wakati gani? Hapa kazi zote huangukia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza halihitaji cherehani kabisa. Kitambaa cha meza, cha sinia au cha kochi kinaweza kukungwa upindo kwa mkono, au kuachiwa matamvua, au kuzungushiwa ukingo kwa nyuzi zilezile za darizi. Kitambaa cha pamba chenye mfumo wa wazi kinatoa nafasi zaidi: ukichomoa nyuzi chache sambamba na ukingo, zile zinazobaki zikikatiza unaweza kuzifunga mafungu madogo madogo, na upindo wenyewe ukawa pambo. Kazi za fungu hili ndizo za kuanza nazo pale fundi anaposhindwa kutaja siku.

Fungu la pili hudariziwa kwanza na kushonwa baadaye. Humu mna foronya, mifuko, shingo za magauni na kofia. Kofia za vito, zinazodariziwa Zanzibar na Lamu, ni mfano mzuri, kwani mkono hufanya kazi yake kwenye vipande vilivyo wazi, kile cha duara cha juu na ukanda wa pembeni, kabla ya kuunganishwa. Kipande kilicho wazi hutandazika kwenye fremu ya duara, na sindano hufika kila mahali. Kwa fungu hili, kutokuwepo kwa cherehani hakucheleweshi chochote, kwa kuwa hata ingekuwepo ingesubiri mkono umalize.

Fungu la tatu ndilo la kuogopwa, maana darizi yake husimama juu ya mshono. Shuka la upana mkubwa lililounganishwa kwa vipande viwili, lenye ua katikati, haliwezi kudariziwa kabla ya kuunganishwa. Ndivyo ilivyo kwa mlolongo wa majani unaozunguka upindo wa gauni, ambao lazima ncha zake zikutane kwenye mshono wa ubavuni. Kazi hizi zichore kwenye karatasi, chagua rangi zake, kisha uziweke kando. Mshono ukiwa mfupi, unaweza kuushona kwa mkono kwa kurudisha sindano nyuma kila hatua, lakini mshono wa urefu wa shuka ni heri umsubiri fundi.

Fungu la pili, pamoja na usalama wake, lina mtego unaostahili kuelezwa kwa hesabu. Tuseme unataka foronya ya sentimita 50 kwa 75 yenye mfuniko wa ndani wa sentimita 20, iliyokatwa kwa kipande kimoja kirefu. Urefu wake ni upindo sentimita 3, mfuniko 20, upande wa mbele 75, upande wa nyuma 75, na upindo mwingine 3: jumla sentimita 176. Anayetafuta katikati kwa kukunja kipande mara mbili ataangukia sentimita ya 88. Lakini upande wa mbele unaanzia sentimita ya 23 na kuishia ya 98, hivyo katikati yake halisi ni 60 na nusu. Ua lililochorwa kwenye 88 litajikuta sentimita 10 tu kutoka mwisho wa mto. Dawa ni kukikunja kitambaa kama kitakavyokuwa kikishonwa, kukibana kwa pini, na kupiga bandi ya uzi wa rangi nyingine kwenye kila mkunjo na kila mstari wa mshono. Chaki hufutika kitambaa kikishikwashikwa. Bandi hubaki mpaka siku ya kushona.

Usikate kwa kipimo cha mwisho. Acha sentimita 5 zaidi kila upande, kwa sababu fremu inahitaji mahali pa kushika na darizi nzito hukivuta kitambaa kikapungua kidogo. Kingo zizungushie uzi kwa mkono zisifumuke. Darizi nayo ikae angalau sentimita 3 kutoka mstari wa mshono, ili mguu wa cherehani upite bila kupanda juu ya nyuzi. Pamba ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuchorwa, la sivyo itarudi baada ya kufuliwa huku uzi ukibaki na urefu wake, na maua yatajikunja. Nyuzi nyekundu, nyeusi na za buluu iliyokolea zijaribiwe kwa kitambaa cheupe chenye maji, uone kama zinatoa rangi.

Uzi nao una hesabu yake. Fundo la kawaida la uzi wa kudarizi lina urefu wa mita 8, na ndani yake mna nyuzi 6 zinazotenganishwa. Ukitumia mbili mbili, fundo moja linakupa mita 24 za uzi wa kazi. Mshono wa kurudi nyuma hula uzi mara tatu ya mstari unaoonekana, kwani kila hatua moja ya mbele ina hatua mbili kwa nyuma. Maana yake ni kwamba fundo hilo litachora chini kidogo ya mita 8 za mstari, ukiondoa ncha za kufungia. Kujaza majani na maua hula zaidi, kwa kuwa uzi hufunika nyuma karibu sawa na mbele. Piga hesabu hii mapema ununue rangi moja kwa mkupuo, kwani mafundo yaliyotiwa rangi nyakati mbili huweza kutofautiana. Unapokata uzi wa kudarizia usizidishe dhiraa moja, kwani mrefu kuliko hapo husuguka na kujisokota.

Tahadhari ya mwisho inawahusu waliozoea kudarizi kwa cherehani yenyewe, kitambaa kikizungushwa kwenye fremu chini ya sindano. Michoro yao huwa mstari usiokatika, maana mashine haipendi kusimama. Mkono hauna shida ya kusimama, lakini kila unaporuka kutoka ua hadi ua unaacha uzi unaoning'inia nyuma. Mchoro wa mashine ukihamishiwa mkononi uvunjwe vipande, kila kipande kianzwe na kumalizwa mahali pake.

Cherehani itakaporudi, ijaribu kwanza kwenye mabaki ya kitambaa kilekile, yakiwa yamekunjwa tabaka zilezile, uone kama inaruka au inakata uzi. Kisha anza na mfuko au foronya iliyokuchukua muda mfupi zaidi kudarizi. Kofia na shingo ya gauni zisubiri hadi uwe umeiamini tena mishono ya mashine, kwa sababu mshono mbovu hufumuliwa kwa dakika chache, lakini darizi iliyochanika wakati wa kufumua huanzwa upya.