Tabibu, Mtawala na Mchezo wa Wanyama Watano

Mwanzoni mwa karne ya tatu, nchini China, mfungwa mmoja aliyehukumiwa kufa alimpa mlinzi wa gereza gombo la maandishi, akamwambia kwamba yaliyomo yaweza kuokoa maisha ya watu. Mlinzi akaogopa sheria, akakataa kulipokea. Mfungwa hakumshurutisha, aliomba moto, akaliteketeza. Huyo alikuwa Hua Tuo, tabibu mashuhuri wa zama zake, na kosa lake ni kwamba alichoka kuwa mganga wa mtu mmoja. Mtawala Cao Cao, aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa, alimtaka akae daima ubavuni pake. Tabibu akaenda kwao kwa kisingizio cha maradhi ya mkewe, asirudi. Mwaka 208, mwanawe mtawala aliyempenda mno alipougua na kufa, ndipo Cao Cao alipojuta.

Hivyo ndivyo elimu kubwa ilivyogeuka majivu. Lakini, ndugu msomaji, liko jambo moja ambalo moto ule haukuliweza, kwa sababu lilikuwa limekwisha kutiwa katika viungo vya watu. Hua Tuo aliwafundisha wanafunzi wake mchezo wa wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Hoja yake ingekubaliwa na seremala yeyote: bawaba ya mlango ufunguliwao kila siku haiozi. Mwili nao utikiswe, ila usichoshwe kupita kiasi. Mtu atokwe na jasho, ajihisi mwepesi, atamani chakula.

Asidhani mtu kwamba haya ni masihara ya watoto. Katika namna ifundishwayo siku hizi, chui hukunja vidole mfano wa makucha, akajinyosha na kurukia windo. Paa hupinda kiuno hata akatazama kisigino chake. Dubu huyumba kwa uzito, na tumbo likazungushwa polepole. Nyani hupandisha mabega, akachungulia huku na huku, kisha akachuma tunda. Ndege hutandaza mikono na kusimama kwa mguu mmoja. Ajaribu hilo la mwisho yule akaaye ofisini kutwa nzima, kisha atuambie kama ni mchezo.

Hatuna budi kusema kweli. Hua Tuo hakuyaanzisha yote haya. Katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa miaka ya 1973 na 1974, ilipatikana hariri yenye picha za watu 44 wakijinyosha, baadhi yao wakiiga wanyama. Aidha, maelezo ya kwanza ya kila tendo yananasibishwa na Tao Hongjing, aliyeishi zaidi ya miaka 200 baada ya Hua Tuo. Ama habari za Wu Pu, mwanafunzi aliyefikia miaka tisini na zaidi akiwa na meno, macho na masikio timamu, ni nzuri kusimuliwa. Lakini umri wa mtu mmoja si ushahidi, na mwenye kuahidi maisha marefu kwa kuiga nyani anauza maneno.

Mwaka 2003 idara ya michezo ya China ilitoa namna moja rasmi ya mazoezi haya, na mwaka 2011 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa. Huko Bozhou, alikozaliwa tabibu, wazee kwa vijana wanayafanya uwanjani. Hayataki chombo wala ada, na mlinzi wa gereza angaliweza kujifunza bila kuvunja sheria yoyote.