Sauti za Bibi Zetu Zitabaki Wapi?

Akina mama wenzetu, ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja majina ya bibi zao hadi kizazi cha tatu? Na ni wangapi wanaojua kwa nini bibi mzaa mama aliitwa Kashinje, au Shija? Sisi tunaohudumu katika kliniki ya mama na mtoto hapa Bariadi, na ambao mwisho wa juma huungana na akina mama wa kanisa kuwatembelea wazee, tumeuliza maswali haya mara nyingi. Kila mwaka majibu yanazidi kuwa mafupi.

Labda mtu atasema Wasukuma ni wengi, ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, kwa hiyo hakuna cha kupotea. Kweli, lugha ipo. Lakini mtoto anayejua kuitikia "mwangaluka" asubuhi si lazima ajue bibi yake alikula nini mwaka wa njaa, wala ukoo wake ulitoka wapi kabla ya kufika Ntuzu, Itilima au Kanadi.

Kanda zipo, lakini ziko mbali

Wazee wa Usukuma wamewahi kurekodiwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi nyimbo na ngoma, zikiwamo za Wasukuma. Kanda zake ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Miaka hiyo hiyo ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza kazi Bujora karibu na Kisesa. Pamoja na wazee wa pale alikusanya ngoma za watemi, vyombo vya nyumbani, hadithi na desturi, ndipo ikapatikana Makumbusho ya Wasukuma. Katika miaka ya 1990 akaja Frank Gunderson kutoka Marekani. Alikaa vijijini akirekodi nyimbo za kulima, na mwaka 2010 alitoa kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300, kila moja na maelezo yake. Nako Ndoleleji, upande wa Shinyanga, Padre Donald Sybertz na waumini wake walikusanya methali na hadithi za Kisukuma kwa miaka mingi.

Tunawashukuru wote hao. Bujora hata si mbali: ukitoka Bariadi unapita Lamadi na Magu, na kabla ya kuingia Mwanza umefika. Wapelekeni watoto. Lakini kwa tulivyoona sisi, watafiti wale waliuliza zaidi habari za watemi, vita, waganga, wawindaji na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Aliyeulizwa, mara nyingi, ni mwanamume. Mwanamke alikuwa jikoni akipika chakula cha mgeni mwenye redio.

Huko Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, mama mmoja mwenyeji, Mary Kawena Pukui, aliona wazee wa kwao wanakwisha huku watoto wakizungumza Kiingereza tu. Akaanza kuzunguka na mashine ya kurekodi, akiwahoji kwa lugha yao wenyewe juu ya uvuvi, kilimo, malezi na dawa. Kanda zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bishop mjini Honolulu. Mwaka 1972 mwalimu Larry Kimura akaanzisha kipindi cha redio cha kuongea na wazee kwa Kihawaii, nacho kikaendelea kwa miaka mingi. Shule za awali za lugha hiyo zilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, wazungumzaji wazee walikuwa wamebaki wachache, na kanda hizo zikawa hazina ya kujifunzia. Pukui hakuhitaji kuelezwa aulize nini, kwa kuwa alilelewa na bibi yake.

Anachokijua bibi

Tuanze na majina, maana sisi wauguzi tunayaona kila siku kwenye kadi. Kulwa na Doto ni mapacha, hilo kila mtu analijua. Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Kashinje ametanguliza miguu. Mabula na Kabula wamezaliwa wakati wa mvua. Kabla ya kadi za kliniki, jina lenyewe lilikuwa kadi: lilitaja jinsi uzazi ulivyokwenda, na mkunga aliyelisikia alijua la kumwuliza mama huyo katika uzazi unaofuata. Leo tunawapa watoto majina ya wacheza filamu. Si dhambi, lakini mwulizeni bibi kwanza.

Halafu chakula. Bibi anajua kutengeneza michembe kwa viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa kwa viazi vilivyochemshwa kwanza. Anajua kukausha majani ya kunde yakawa nsansa ya kuliwa wakati wa kiangazi. Sisi tunaopima watoto uzito tunajua miezi ambayo mstari kwenye kadi huanza kushuka, na tunajua pia kwamba nyumba yenye nsansa ghalani haikosi mboga miezi hiyo. Mwulizeni aliweka kiasi gani, katika chombo gani, na alizuiaje wadudu. Mambo haya hayajulikani kwa kutazama mara moja.

Wapo wanaodhani kumbukumbu za wazee ni za kufurahisha tu. Hao wakumbuke ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ile kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986, nchi ilikuwa imekuwa nyeupe kwa kukatwa miti. Miche ya kigeni haikusaidia sana. Kilichosaidia ni kuwarudia wazee na kufufua ngitili walizozijua tangu utoto. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa pamoja na wilaya zetu hizi kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012.

Na umri. Tukimwuliza bibi kliniki ana miaka mingapi, hatupi namba. Anasema, "Uhuru ulinikuta nachunga ndama," au, "Wakati wa Sogeza nilikuwa na mimba ya pili." Sogeza ni ile Operesheni ya 1974, watu walipohamishwa kwenye vijiji vya ujamaa. Muuguzi mwenye haraka huandika "hajui umri" na kuita mwingine. Kumbe bibi amefungua mlango. Nyumba yake ya zamani ilikuwa wapi? Nani alizikwa pale? Walibeba nini siku ile, na nini kiliachwa? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70.

Macho mekundu

Kuna jambo hatuwezi kulinyamazia. Usukuma wetu umebeba aibu ya kuua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Sisi wauguzi tunasema wazi: macho hayo yametokana na kupika miaka 50 kwa moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, na wengine wameugua trakoma. Ni ugonjwa na kazi, basi. Bibi anayeishi peke yake pembeni mwa mji, asiyesemeshwa na mtu, ni rahisi kusingiziwa. Bibi ambaye wajukuu wanamzunguka kila Jumapili jioni wakimsikiliza, majirani wanamwona ana watu. Hatusemi simu itazuia panga. Tunasema tumeona nyumba ambazo mtoto aliyekuwa akimwogopa bibi sasa anagombania kukaa karibu naye.

Wengine kanisani wanatuuliza kama hatuwarudishi watu kwenye mizimu. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipochukua kazi Nassa, ambayo leo iko Busega, mwaka 1909, waliotubu waliacha ngoma na matambiko, na wengi waliacha hata kuyataja. Tunaelewa kwa nini. Lakini kusimulia si kutambika. Yoshua aliagiza mawe 12 yasimamishwe baada ya kuvuka Yordani ili watoto waulize maana yake, na watoto wetu nao wana haki ya kujua bibi yao aliacha nini alipobatizwa, na iligharimu nini.

Namna ya kufanya

Kwanza tazameni sandukuni. Nyumba nyingi zina kanda za kaseti za harusi, za msiba, za kwaya, na nyingine zina sauti ya babu akiusia. Msizijaribu kwenye redio mbovu, itazitafuna. Zihifadhini pakavu, mbali na jua na spika, na mtafuteni fundi mwenye mashine nzima azihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaota ukungu.

Kisha bibi mwenyewe. Ombeni ruhusa yake, na mwambieni nani atasikiliza. Asilotaka lirekodiwe lisirekodiwe. Chagueni saa ambayo kuku wametulia na jirani hajawasha muziki. Simu iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na mdomo wake, huku mtandao umezimwa ili isiite. Aongee Kisukuma chake, msimlazimishe Kiswahili. Kwanza tajeni jina lake, kijiji na tarehe, sauti zenu zisikike. Swali liwe fupi, kisha nyamazeni. Akitaja jina la mti au chombo msichokijua, mwombeni awaonyeshe, na liandikeni kwenye daftari. Nakala moja ibaki kwenye memori kadi nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine.

Nusu saa inatosha kwa siku moja. Bibi akichoka, zimeni simu mlete chai. Mara nyingi lile jambo lenyewe hulitaja wakati huo, kikombe kiko mkononi. Mwombeni tena ruhusa, muwashe.