Mtoto Anatafuna Siku Nzima, Lakini Haongezeki

Msimu uliopita wa kahawa, mama mmoja alimleta mtoto wake kupimwa uzito katika zahanati yetu huku Kyerwa. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka 1 na miezi 8. Tulimpima, nikasoma mizani: kilo 8 na nusu. Nikafungua kadi yake. Mwezi uliotangulia, kilo 8 na nusu. Mwezi wa nyuma yake, hivyo hivyo. Mstari wa uzito ulikuwa umelala kama gogo.

Nikamwuliza mama, "Je, mtoto anakula?"

Akacheka. "Daktari, huyu anakula sana. Mdomo wake haupumziki."

Kweli haukupumzika. Tulipokuwa tukizungumza, mtoto alikuwa na biskuti mkononi. Katika kikapu cha mama kulikuwa na chupa ya juisi nyekundu, ile ya unga wa dukani unaokorogwa na maji.

Nilimwomba mama anieleze mtoto anakula nini tangu asubuhi mpaka jioni. Asubuhi ni chai ya rangi na andazi. Saa nne ni biskuti. Saa sita ndugu zake humpa pipi. Saa nane ebitoke na maharage vinapoiva, mtoto hupokea matonge mawili, kisha anageuza uso. Mama alidhani mtoto hapendi ebitoke. La, tumbo lilikuwa limekwisha kujaa.

Fedha ya biskuti ilitoka wapi? Mama alisema aliuza mayai na maparachichi siku ya gulio. Basi mayai yalitoka nyumbani kwenda sokoni, na biskuti ikatoka sokoni kuja nyumbani. Simlaumu mama huyo. Mimi nilizaliwa Karagwe, na nilipokuwa mdogo, mgeni aliyetoka Bukoba bila biskuti tulimwona mchoyo. Kitu cha dukani huonekana kama mapenzi.

Tufikirie tumbo la mtoto. Mtoto wa kilo 10 tumbo lake huchukua kiasi cha mililita 300 kwa mara moja. Hicho ni kidogo kuliko chupa ya soda. Ukimpa soda au juisi ya unga saa saba, utaweka wapi maharage saa nane? Maji yenye sukari na rangi hujaza nafasi, lakini hayajengi mwili. Sukari inayokaa mdomoni kutwa nzima huozesha meno pia. Na chai ya rangi huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Mtoto akikosa chuma hupungukiwa damu.

Kwa sababu tumbo lake ni dogo, mtoto hawezi kushiba kwa siku nzima kwa milo miwili kama baba yake. Tangu miezi 9 mpaka afikishe miaka 2 anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, pamoja na kitu kidogo mara 1 au 2 katikati ya milo, naye aendelee kunyonya. Kitu hicho cha katikati huitwa asusa. Wanywaji wa rubisi wanalijua neno hili tangu zamani: kwao ni nyama au karanga za kusindikiza kinywaji. Kwa mtoto, asusa ni mlo mdogo. Unapaswa kumjenga.

Je, ndizi mbivu peke yake haitoshi? Ni nzuri, nayo inampita biskuti kwa mbali. Lakini sehemu kubwa ya ndizi ni maji na wanga. Katika gramu 100 za ndizi, protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ni gramu 1 hivi tu. Katika gramu 100 za karanga, protini ni gramu 25 hivi, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa hiyo tuvikutanishe. Kaanga karanga bila mafuta, pepeta maganda, kisha twanga mpaka zilainike na kutoa mafuta. Ponda ndizi mbivu moja katika bakuli safi, uchanganye na kijiko kimoja kikubwa cha karanga hizo. Mlishe pale pale. Kisichoisha usikiweke mpaka jioni, kitachacha.

Mtoto mdogo usimpe karanga nzima. Humpalia, nayo inaweza kuingia katika njia ya hewa na kumwua. Tena chagua karanga moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, hata kuku usiwape. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiishi kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Huku kwetu asusa nyingine zinatuzunguka. Parachichi lililopondwa halihitaji hata moto. Kiazi lishe, kile chenye rangi ya machungwa ndani, kikichemshwa humpa mtoto vitamini A inayolinda macho. Papai, embe na boga la njano vivyo hivyo. Yai lichemshwe mpaka ligande. Maziwa yachemshwe. Na senene je? Senene wana protini na mafuta mengi. Lakini katika nyumba nyingine wakishakaangwa huwekewa baba na wageni, mtoto anaambulia harufu. Watwange wakiwa wamekauka vizuri, unga wake utie kijiko kimoja katika uji wa mtoto.

Kahawa ya kutafuna ni heshima yetu kwa mgeni, wala sisemi tuiache. Ila isiwe mchezo wa watoto, na mama mjamzito asiitafune kwa wingi. Huondoa njaa bila kuleta chakula.

Jambo la mwisho ni saa. Asusa ipewe kati ya mlo na mlo, kama saa nne asubuhi na saa kumi jioni, siyo chakula kikiwa jikoni karibu kuiva. Mtoto anawishwe mikono kwa sabuni. Akae chini, ale katika bakuli lake, na mtu mzima amtazame. Anayekula huku anakimbia hupaliwa, na mama hajui amekula kiasi gani. Akikataa, usimlazimishe, ngoja kidogo umjaribu tena. Akilia bila sababu ya njaa, mbebe. Pipi siyo dawa ya kilio.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Mtoto alikuwa na kilo 8 na gramu 700. Mwezi uliofuata, kilo 9. Mayai bado anauza, maana daftari za shule nazo zinataka fedha. Ila kila juma mayai matatu hayafiki sokoni, na bibi wa mtoto ndiye anayeyalinda.