Tupange menyu ya kompyuta, kusudi saa ya umeme isipotee



Leo tunataka kueleza jambo moja la chumba cha kompyuta: namna ya kupanga menyu ya programu. Wengine watasema, "Aa, hiyo si kitu." Lakini kwetu hapa Mbau ni kitu. Grupu inawaka saa moja tu, mafuta yake ni ya kununua, na watu watatu wanakaa mbele ya mashini moja. Mwenye kuwa na kompyuta kwao nyumbani anafika kwa Excel upesi. Yule ambaye hajazoea anapanda na kushuka katika menyu, anauliza wenzake, "Iko wapi? Iko wapi?", na saa inaisha. Basi menyu iliyovurugika haitesi watu wote sawasawa. Inamtesa zaidi yule mwenye haja kubwa ya kujifunza.

NJIA YA MKATO NI NINI?

Menyu ni ile orodha inayofunguka ukibonyeza alama ya Windows chini ya kioo, ndiyo Kifaransa kinaita "Démarrer". Ilianza na Windows 95, mwaka 1995, na mpaka leo iko. Lakini tujue ya kwamba majina mengi tunayoyaona mle si programu zenyewe. Ni njia za mkato, ndizo "raccourcis". Zile zilizo mbele ya kioo, pale "Bureau", utazitambua kwa mshale mdogo kwenye pembe ya picha.

Fikiri kijia kinachopita katika mashamba ya kakao, kutoka barabara ya Oicha mpaka kwa nyumba ya mtu. Kijia si nyumba. Kijia kikifungwa na majani, nyumba inasimama palepale, na utaifikia kwa njia ingine. Lakini nyumba ikibomolewa, kijia kinabaki bure, hakikufikishi popote. Tena nyumba moja inaweza kuwa na vijia vitatu.

Ni vile vile na kompyuta. Ukifuta njia ya mkato, programu haifi. Basi mwenzako akipiga kelele, "Word imepotea!", usiogope, mara nyingi ni kijia tu kimefutwa. Na wale wanaofuta njia za mkato ili mashini ipate nafasi wanajisumbua, kwa maana njia moja ina kilobaiti chache tu.

KWA NINI MENYU INAVURUGIKA?

Programu nyingi, siku inapowekwa, inajitengenezea kabrasha lake katika menyu, na kabrasha hilo linachukua jina la programu au jina la kampuni iliyoitengeneza. Mpango huo unafaa kampuni. Mwanafunzi yeye anatafuta kazi: kuandika, kuhesabu, kuchora. Hajui kampuni. Tena katika makabrasha hayo mara nyingi muna njia iliyoandikwa "Désinstaller". Hiyo ni ya kuangalia sana, kwa maana inaita mbomoaji wa nyumba. Mdogo wetu akiibonyeza na kujibu "Oui", programu yenyewe itaondoka.

NAMNA YA KUPANGA

Njia hii inafaa kwa Windows 7, 10 na 11. Mashini inaweza kuomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo kazi ifanywe mbele ya mwalimu.

1. Shika kitufe chenye alama ya Windows, kisha bonyeza R. Dirisha dogo "Exécuter" litafunguka. Andika shell:common programs, halafu Entrée. Hapo utaona njia za mkato za menyu ambazo ni za watu wote wa mashini hiyo. Ukiandika shell:programs, utaona zile za mtu mmoja tu, yule aliyeingia kwa jina lake.

2. Bonyeza panya kwa kuume mahali patupu, chagua "Nouveau", kisha "Dossier". Tengeneza makabrasha machache kwa kufuata kazi: Kuandika, Hesabu, Kuchora, Sauti na Picha. Manne au matano yanatosha.

3. Kokota kila njia uitie katika kabrasha lake: Word katika Kuandika, Excel na GeoGebra katika Hesabu, VLC katika Sauti na Picha. Zile za "Désinstaller" zikusanye pamoja katika kabrasha moja, uliite Usiguse.

4. Usitie kabrasha ndani ya kabrasha. Windows 10 haionyeshi ngazi nyingi.

5. Menyu inafuata alfabeti. Ukitaka Kuandika itangulie, anza jina na tarakimu: 1 Kuandika, 2 Hesabu.

Programu zingine za Windows 10 na 11, kama kikokotoo, hazimo katika dirisha hilo. Ziache mahali pake.

Vilevile unaweza kubadili jina la njia ya mkato. Bonyeza kuume, chagua "Renommer", andika "Mashini ya kuandika" kwa Kiswahili, ao hata kwa Kinande. Njia itafika palepale, kwa maana jina la kijia halihamishi nyumba.

ANGALIENI FLASHI

Kuna virusi vinavyotembea kwa flashi. Vinaficha makabrasha yako ya kweli, na mahali pake vinaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza, virusi vinaingia katika mashini. Mwenye flashi anaona kazi haifunguki, analia, anafanya "Formater", na hapo ndipo kazi inapotea kweli. Usifanye hivyo. Ukiona kabrasha lako limepata mshale ghafula, usilibonyeze. Toa flashi, mwonyeshe mwalimu. Mara nyingi kazi yako ingali mle, imefichwa tu, na inaweza kurudishwa.

OMBI LETU

Kila darasa likipanga kwa namna yake, darasa linalofuata litapotea tena. Kwa hiyo tunaomba, kwa ruhusa ya mwalimu wa kompyuta, mpango uwe mmoja kwa mashini zote, uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Mwanafunzi asome karatasi akiwa bado nje, kabla grupu haijawaka. Akiingia, ajue mkono wake unaenda wapi. Na anayetaka kuhamisha kitu, aulize kwanza. Mashini si ya mtu mmoja.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho