Gia inapogoma, anza na betri

Ilikuwa Jumapili jioni, tukirudi Eldoret kutoka Kabarnet, mimi, mama watoto na watoto watatu waliosinzia kiti cha nyuma. Tulishuka bonde la Kerio vyema, tukavuka mto, tukaanza kuukwea ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach. Kabla ya kufika Iten gari likabadilika tabia. Injini ilinguruma kama trekta lakini mwendo hauongezeki. Gia imekwama pale pale, haipandi wala haishuki. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na taa kubwa za mbele nazo zikawa hafifu kama koroboi.

Hilo la taa kubwa nililiona, ila sikulitilia maanani.

Kesho yake fundi wa kwanza alilizungusha gari mara moja, akashuka akitikisa kichwa. "Mzee, giaboksi imekwisha. Tafuta elfu sabini nikuletee nyingine kutoka Nairobi."

Pesa hizo zilikuwepo, lakini zilikuwa karo ya muhula wa kwanza. Usiku ule hatukulala.

"Baba watoto," mama watoto akasema, "hata mguu haukatwi kwa neno la daktari mmoja."

Fundi wa pili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuuliza habari za gia kamwe. Alifungua boneti, akatoa ile mita ndogo ya kupimia volti inayouzwa kwenye maduka ya redio, akaanza na betri.

Kwa nini betri, ilhali anayeumwa ni giaboksi? Katika magari mengi ya gia za otomatiki tunayoyaendesha siku hizi, gia hubadilishwa kwa mgandamizo wa oili, na oili hiyo huelekezwa na vali ndogo zinazofunguliwa kwa umeme. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru, baada ya kusoma vihisio vinavyopima mwendo. Umeme ukipungua, kompyuta hupata habari zisizoeleweka, na kwa kuogopa kuiharibu giaboksi hung'ang'ania gia moja ya dharura. Mwenye gari huapa kwamba giaboksi imekufa, kumbe imefuata amri tu.

Betri nzuri iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4; ikibaki 12 na kitu, haipati chakula. Yetu ilisoma 12.3 injini ikinguruma. Mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hapo mita haifai kuzidi nusu volti. Ilipita volti moja na nusu. Akaufuata waya wa athi, ule unaourudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye betri, akaukuta umeliwa na kutu ya kijani, umebaki nyuzi chache. Waya mpya pamoja na kazi, shilingi 1,200.

Sisemi kwamba kila gia inayogoma ni waya. Magari yaliyotumika huingia Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka 8, kisha hupita mikononi mwa watu watatu, wanne, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si za kuaminiwa sana. Giaboksi nyingine zimechoka kweli. Tofauti ni hii: ugonjwa wa umeme huja na kuondoka, na mara nyingi ukizima gari na kuliwasha tena hutulia kwa muda. Ugonjwa wa giaboksi yenyewe huzidi kadiri inavyopata moto. Ukiweka gia ya kwenda mbele, gari likakaa sekunde mbili tatu kabla ya kushika, shuku giaboksi. Chomoa dipstiki yake, kama gari lina dipstiki: oili nyekundu ni afya, ya kahawia inayonuka kama kitu kilichoungua ni msiba, na iliyofanana na chai ya maziwa imeingiwa na maji, aghalabu kutoka kwenye redieta.

Eldoret nayo ina visa vyake. Tuko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu moja juu ya tano ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa. Gari lililonunuliwa Mombasa likionekana zito kupanda Timboroa, lisihukumiwe upesi. Baridi ya alfajiri za Julai nayo huzidhoofisha betri ambazo Mombasa zingeendelea kuvumilia.

Mawili kwa anayetaka kununua. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini inapoanza. Isipowaka kabisa, kuna aliyeichomoa ili usiione. La pili, asikubali fundi yeyote achomoe betri injini ikiwa inanguruma eti anapima alternata. Mchezo huo ulifaa magari ya zamani; kwa haya yenye kompyuta, umeme unaweza kuruka ghafla na kuiunguza, na bei ya kompyuta hutoa machozi.

Karo ililipwa kwa wakati. Gari tunalo mwaka wa tatu sasa, na Tambach hulipanda bila kelele. Mlango wa nyuma wa kulia ndio uliokataa kufunguka, na mzee wa miwani anasema huo hauhusiani na umeme.