Kisukari: Wasomi na Raia Wakishikana Mikono



Kisukari si kama malaria, ati umeze dawa siku tatu na yaishe. Mgonjwa huonana na daktari mara chache kwa mwaka. Siku zingine zote yuko nyumbani, na sufuria yake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu macho, figo na miguu. Je, ujuzi wa chuo kikuu utafikaje mpaka jikoni?

Hebu tuangalie Kaunti ya Starr, jimbo la Texas, Marekani, mpakani na Meksiko. Karibu wakazi wote ni Walatino wenye asili ya Meksiko. Wengi ni maskini, na kisukari kimewasumbua sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walianza kuwapima miaka ya 1980. Lakini kupimwa tu hakumsaidii mgonjwa. Basi Sharon Brown, muuguzi na mtafiti, pamoja na wenzake, wakaanzisha masomo papo hapo.

Watu 256 wa miaka 35 hadi 70 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilianza mara moja. Lingine lilingoja mwaka mmoja, ndipo nalo likafundishwa. Hivyo iliwezekana kulinganisha.

Masomo yalikuwaje?

1. Walimu. Wauguzi, wataalamu wa lishe na wahudumu wa jamii walikuwa na asili ya Meksiko, wakijua Kihispania na Kiingereza.

2. Mahali. Walikutana karibu na makwao: makanisani, shuleni na katika zahanati.

3. Chakula. Hawakuambiwa watupe vyakula vya kwao. Walionyeshwa kuvipika kwa njia isiyopandisha sukari ovyo.

4. Mwenzi. Mgonjwa alikuja na jamaa au rafiki. Mgonjwa akijua peke yake, na mpishi hajui, kuna faida gani?

5. Muda. Saa 52 kwa mwaka: miezi 3 ya masomo kila wiki, halafu miezi 6 ya vikundi vya kusaidiana kila wiki mbili, na mwishowe miezi 3 ya vikundi hivyo mara moja kwa mwezi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Baada ya miezi 6, waliofundishwa walikuwa chini ya wale waliongoja kwa pointi 1.4. Hiyo si kidogo. Lakini tusidanganyane: wastani wao ulikuwa bado zaidi ya asilimia 10, na wagonjwa wengi hushauriwa wawe chini ya 7. Kwa hivyo masomo husaidia, lakini dawa na kliniki haziachwi.

Tunajifunza nini? Chuo kilileta vipimo na ujuzi. Raia wakaleta lugha, mapishi na jamaa zao. Upande mmoja peke yake haungetosha.

Basi watafiti wakibisha hodi kwenu, wakaribisheni, lakini ulizeni: Mtatufundisha kwa lugha gani? Matokeo mtatuletea lini? Na mkishaondoka, ni nani kati yetu atabaki na ujuzi huo?