Mgonjwa wa Moyo na Ashuke Kitandani

Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alikuwa mapumzikoni Denver, jimbo la Colorado. Ijumaa ya tarehe 23 alicheza gofu, mchana akala mkate wa nyama wenye vitunguu vibichi, na tumbo lilipoanza kumsumbua akavilaumu vitunguu. Usiku akaamshwa na maumivu ya kifua. Daktari wake alimchoma sindano ya mofini, na asubuhi waandishi wa habari wakaambiwa ni tumbo tu. Ilifika mchana ndipo mashine ya kupima umeme wa moyo ilipoonyesha kwamba mshipa unaolisha moyo wake ulikuwa umeziba.

Kisa hicho kina miaka sabini, lakini mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ataitambua kila hatua yake. Kifua kinabana, jasho linamtoka mtu bila joto, mkono wa kushoto unakufa ganzi, naye anaomba dawa ya gesi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwapima kwa makini watu wazima waliofika idara ya dharura wakilalamikia kifua au pumzi. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wao walikuwa wakitibiwa maradhi mengine. Miongoni mwetu, basi, wapo watu waliopata mshtuko wa moyo wakanusurika, wakarudi nyumbani, na hakuna aliyewaambia maisha yanaendeleaje kuanzia hapo. Makala haya ni yao, na ya wanaoishi nao.

Mshipa wa moyo ukiziba, misuli iliyokuwa ikitegemea damu yake huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na eneo linalokufa huzidi kupanuka kadiri saa zinavyopita. Shambulio kubwa linaweza kuua seli bilioni moja. Katika siku za mwanzo seli za kinga huingia kuondoa mabaki, na katika wiki hiyo ya kwanza ukuta wa moyo huwa dhaifu. Ndiyo maana wauguzi humwangalia mgonjwa kwa karibu. Kisha seli nyingine hufuma nyuzi za kolajeni, na baada ya miezi miwili hivi pale palipokufa pana kovu gumu. Kovu hilo ni kama kiraka kwenye tyubu ya baiskeli: linaziba vizuri, lakini halisukumi damu. Kazi inabaki kwa misuli iliyopona.

Pembeni mwa kovu huwa pana misuli ambayo haikufa, ilizimia tu kwa kukosa hewa. Huamka taratibu, kwa siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) cha siku ya pili kinaweza kuonyesha moyo umechoka sana, na cha baada ya miezi mitatu kikaonyesha nafuu kubwa. Naomba hili lisisitizwe wodini, kwa sababu nimeona familia zinavyoisoma karatasi ya kwanza kana kwamba ni hukumu.

Je, misuli iliyokufa haioti tena? Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga hewani kaboni-14 nyingi, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye vinasaba vya seli zilizozaliwa wakati huo. Jonas Frisén na wenzake wa taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakaitumia kaboni hiyo kukadiria umri wa seli za moyo. Mwaka 2009 walieleza kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takribani asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya asilimia. Samaki zebra akikatwa kipande cha moyo hukiotesha upya. Sisi hatuna uwezo huo. Tunachoweza ni kuizoeza misuli iliyobaki, na hapo ndipo kitanda kinapokuwa adui.

James Herrick wa Chicago ndiye aliyeeleza mwaka 1912 kwamba mtu anaweza kupatwa na ugonjwa huu akaishi. Kwa miongo minne iliyofuata, aliyenusurika alilazwa tuli wiki sita au zaidi. Alilishwa kwa kijiko, aligeuzwa na muuguzi, alikatazwa hata kujisaidia chooni. Nia ilikuwa njema: kovu lipewe muda. Lakini damu inayotulia miguuni huganda, na mabonge yakipanda mapafuni huua. Huko Boston, daktari Samuel Levine na msaidizi wake kijana, Bernard Lown, wakaanza kuwakalisha wagonjwa kitini katika siku za mwanzo kabisa. Madaktari wenzao walishtuka, wakiona ni ukatili. Wagonjwa walipata nafuu, wakachangamka, na matokeo yakachapishwa mwaka 1952. Lown huyo huyo baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari wanaopinga silaha za nyuklia, kilichopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985.

Madhara ya kitanda yalipimwa waziwazi huko Dallas mwaka 1966. Vijana watano wenye afya njema, wa miaka 20 hivi, walilala wiki tatu mfululizo. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka thelathini baadaye watu hao hao walipimwa tena, na ikaonekana kwamba wiki zile tatu za kulala ziliwadhoofisha kuliko miaka thelathini ya kuzeeka.

Eisenhower alibahatika kupata daktari aliyelielewa hilo. Paul Dudley White, bingwa wa moyo aliyeitwa kutoka Boston, alikuwa mtu wa kutembea na kuendesha baiskeli, na aliamini mgonjwa wake anaweza kurudi kazini. Mwezi Oktoba Rais alipigwa picha akiwa kitini juani, amevaa pajama nyekundu alizopewa na waandishi wa habari. Novemba 11 alitoka hospitali. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena, na aliishi hadi 1969.

Sasa tuangalie nyumba zetu. Mzee anarudi kutoka hospitali, na kuanzia mlangoni watoto wanampokonya kila kitu. "Baba, kaa tu, tutakuletea." Duka anakabidhiwa mdogo wake. Habari za ada na za msiba zinafichwa ili "presha isipande". Ni mapenzi ya kweli, sina shaka nayo. Lakini ni matibabu ya enzi ya Herrick, na yanamwambia mgonjwa kila saa kwamba yeye ni mtu wa kufa. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba mazoezi yanayosimamiwa baada ya mshtuko wa moyo hupunguza vifo vitokanavyo na moyo kwa takribani robo. Mara nyingi, daktari akisharidhia, mazoezi huanza na dakika tano au kumi za kutembea mahali tambarare, mara mbili kwa siku, zikiongezwa kidogo kila wiki. Kipimo chake hakihitaji mashine: tembea na mtu, mzungumze. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Kifua kikibana, simama. Maumivu yasipokwisha kwa dakika chache, nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Kilicho kigumu zaidi huja usiku. Nyumba ikitulia, mgonjwa anausikiliza moyo wake. Pigo moja likichelewa, anaketi. Maumivu ya bega, ambayo zamani angeyapuuza, sasa yanamfukuza usingizi, na mkewe ambaye hajalala anamwekea mkono kifuani kuhakikisha bado anapumua. Mchana anakuwa mkali, au analia kwa jambo dogo na kuona aibu. Wapo wanaoogopa hata kutoka peke yao. Takribani mmoja kati ya wanane hubaki na kiwewe kile kile wanachopata walionusurika ajali au vita, na mmoja kati ya watano hivi hupata sonona kamili.

Mwaka 1993 Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 222 kwa miezi sita. Waliokuwa na sonona walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara nne ya wenzao, hata baada ya kuzingatia ubovu wa moyo wenyewe. Sonona huvuruga homoni na mapigo ya moyo, na pia humfanya mtu aache dawa na asitoke kutembea. Dua za shehe na maombi ya mchungaji hufariji, nami siyadharau hata kidogo. Ila mtu akikaa wiki mbili bila hamu ya chochote, anahitaji pia mshauri nasaha au dawa, na zipo dawa za sonona, kama sertralini, zilizothibitika kuwa salama kwa wagonjwa hawa.

Dawa za moyo nazo zina mtego wake. Leo mishipa huzibuliwa hapa hapa Tanzania, mathalani katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mgonjwa huwekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma. Akishajisikia vizuri anasema amepona, anaacha vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda kabla ya muda aliopewa, ambao mara nyingi ni mwaka mzima, na stenti inaweza kuziba ghafla. Pesa zikipungua, aseme kliniki. Zipo dawa za bei nafuu za kundi lile lile.

Na kuna swali ambalo wengi huondoka nalo bila kuliuliza, la tendo la ndoa. Kwa moyo, jitihada yake ni sawa na kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka. Anayezimudu bila kifua kubana, kwa kawaida anaweza kurudi baada ya wiki chache. Hatari ipo kwenye vidonge vya nguvu za kiume: vikikutana na dawa ya nitreti inayowekwa chini ya ulimi, presha inaweza kushuka hadi kuua, na kemikali ya vidonge hivyo imewahi kukutwa ndani ya baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Daktari aulizwe waziwazi, mume na mke wakiwa wameketi pamoja mbele yake.